Mrehani Wako Umepona, Zuhura

Shoga yangu Zuhura,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali, nami sijui wewe nikuulizeje hali. Basi niyaache hayo, nikupe habari unayoitaka, maana nakujua huna subira. Mrehani umepona. Si wa manjano tena. Majani yamejaa mpaka chini kwenye shina, kijani kile cha kwenu Tanga, na nikifungua mlango wa roshani asubuhi harufu inaingia chumbani kabla sijajifunga kanga vizuri. Kilichokuwa kikiumaliza nimekijua, na nitakwambia, lakini utangoja kidogo kama ulivyokuwa ukiningojesha mimi pale mtaani huku ukibembeleza bei ya vifutio.

Tangu uende mambo hapa Guangzhou yamebadilika. Duka la kadi za simu pale chini sasa linauza viatu. Peja yako bado inalia, wateja wa Mombasa hawajapata habari wote, na mimi sina moyo wa kuizima. Laoban wa vidaftari pale mtaa wa Yide Lu, yule bosi uliyekuwa ukimwita mchumba ili akupunguzie, aliniuliza uko wapi. Sikuwa na Kichina cha kumwambia. Nikafumba macho, nikalaza kichwa juu ya kiganja. Akadhani umelala nyumbani, akacheka, akasema basi kesho. Nikamwacha hivyo hivyo. Kila nikipita ananiuliza, nami kila nikipita nalaza kichwa.

Sijui unakumbuka nini cha siku ile. Ulikuwa jikoni unachambua mchele, unamsema Asha wa Unguja kwa kununua madoli yasiyo na nguo, mara nikasikia sinia limeanguka. Presha. Hospitali walikupokea vizuri, sina la kuwasema, lakini hukufumbua macho tena. Nilikuosha mimi, na wanawake wawili wa Kichina kutoka msikitini. Hatukuelewana neno, ila kazi waliijua, tena kwa adabu, na mmoja wao alikusuka nywele vizuri kuliko ulivyokuwa ukijisuka mwenyewe. Wanaume wakakupeleka. Mimi nilibaki getini kama desturi yetu ilivyo, nikawa natazama migongo yao mpaka ikapotea kwenye miti.

Kisha ikabidi nimpigie mama yako.

Hakulia, au alilia mbali na simu. Aliniuliza nani amekuosha, nikamwambia. Aliuliza kama umeelekezwa kibla, nikamwambia ndiyo. Nikaangalia dakika zilizobaki kwenye kadi ya simu. Halafu akauliza, "Kaburi lina rehani, mwanangu?"

Nikasema, "Bado, mama. Litakuwa nayo."

"Iwe ya kwetu, Mishi. Asilale na harufu asiyoijua."

Unaona alivyonitia kwenye kazi? Hapa rehani ziko tele, sokoni wanazifunga kwa mpira na kuziuza pamoja na vitunguu, lakini tulishazinusa mimi na wewe. Zinanukia kama pipi ya kikohozi. Ulisema ukivaa kifuani kikuba cha rehani ile mume atauliza kama unaumwa kifua. Ya kwetu ilikuwa moja tu Guangzhou nzima, kwa ninavyojua mimi: ule mrehani wetu wa roshani, ulioota kwa mbegu alizokutumia mama yako zimefungwa kwenye ncha ya leso. Na ulikuwa unakufa.

Usiseme ningeagiza mbegu nyingine. Niliuliza. Mama yako amehamia kwa kaka yako, na ua wa ile nyumba ya Ngamiani umejengwa vyumba vya kupangisha. Mirehani yote imeng'olewa. Nilijaribu kukata vijiti vya huu wetu, nikaviweka kwenye glasi ya maji dirishani. Kijiti cha mti wenye njaa hakina cha kutolea mizizi. Vikaoza vyote, maji yakanuka, na mwenzetu Mama Rama akayamwaga akidhani ni ya maua yaliyonyauka.

Sasa tuzungumze udaktari wako.

Zuhura, wewe ulituambia sote kwamba ulikuwa bibi shamba. Ni kweli serikali ilikuajiri, na baiskeli ilikupa. Lakini mimi nilimsikia mama yako kwa masikio yangu, siku nyingine kwenye simu, akisema mwanangu alikuwa akichanja kuku kule Muheza. Kuku! Miaka yote ile umesimama mbele ya mrehani, miwani puani, unageuza jani na kulitazama chini kama unatafuta utitiri wa kuku, unatutolea hukumu. Majani ya chini yalipoanza kugeuka manjano ulisema mti umekosa chuma. Ukachomeka misumari yenye kutu kuzunguka shina, ikawa kama mrehani umewekewa uzio. Majani yakazidi kuanguka. Ukasema ni chokaa, ukasaga maganda ya mayai. Hapo nilikuamini zaidi, mayai uliyajua. Kisha ukasema mti unataka nguvu za baharini, ukachukua wale kamba wakavu tulionunua Yide Lu, ukawaroweka na kumwaga maji yao ya chumvi pale, na kesho yake kingo za majani zikawa za kahawia, kavu, zinavunjika mkononi. Wewe ukasema, "Hiyo ni dawa inafanya kazi." Hukuwa na haya hata kidogo, shoga yangu, na ninavyokukumbuka sana ni hapo, umeinama na miwani yako, umekosea na huna shaka.

Chini ya hayo yote kulikuwa na amri yako nyingine, na hiyo hakuna aliyeibishia. Choo chetu unakijua. Hakina mahali pa kusimama mtu mzima akatawadha bila kugusa ukuta. Tangu siku ya kwanza ulisema maji ya udhu hayamwagwi chooni, ni maji ya heri, yapewe mrehani. Ukatoboa lile beseni kubwa la mrehani, lililotokeza nje chini ya vyuma vya roshani, kwa msumari wa moto ili maji yasituame, ukaweka kopo na kigoda kando, na hapo ndipo pakawa mahali petu. Kila mgeni aliyefikia kwetu kuja kununua mzigo ulimwonyesha kitanda, kisha beseni. Asha, Mama Rama, wewe, mimi, na wengine wakija wakiondoka, sala tano kila siku. Tulikuwa tukipanga foleni pale alfajiri, macho hayajafunguka, tunasukumana kwa viwiko na kucheka chinichini.

Mmoja tu alisema neno. Wanjiku wa Nairobi, yule aliyekuja kwa suruali za soko la Shisanhang, akawa anasoma Biblia yake kitandani wakati sisi tukitawadha. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akatuuliza, "Nyinyi, hii maua mnaimwagilia ama mnaiogesha? Kila saa maji, maji. Itakufa, bana." Wewe ukamjibu kwa heshima kwamba hayo si maji ya kumwagilia, ni udhu. Akasema sawa. Nasi tulipobaki wenyewe tukasema maskini, hajui.

Basi baada ya kuzikwa nikaichukua kazi yako. Nilianza kwa kung'oa misumari, samahani. Ijumaa moja nje ya msikiti nikakutana na kijana wa Kipare, Mbwana, anasomea kilimo huku, yuko karibu kumaliza. Nilimweleza mgonjwa wangu. Hakutaka kusikia habari za kamba wala mayai. Aliuliza, "Dada Mishi, kwanza niambie, manjano yalianza majani ya chini au ya juu?"

Nikamwambia ya chini, jani zima, kisha yanapanda.

Akasema basi si chuma. Kikikosekana chuma yanaanza majani machanga, ya juu, na mishipa inabaki kijani ndani ya manjano. Kingo zilizoungua ni chumvi ya wale kamba. Yakianza ya chini, jani zima, ni naitrojeni. Mti ukipungukiwa, akaniambia, unakamua majani ya zamani na kuyapa yale yanayochipua juu, kwa hiyo ya chini ndiyo yanayokufa kwanza. Aliyasema hivi hivi tu, kama mtu anayesoma bei, nami ikabidi nigeuke nitazame barabara. Nilimfikiria mama yako na ule ua wake.

Mbwana alinitafutia mbolea ya chumvichumvi kidogo kwenye karatasi, akanionyesha kipimo. Akauliza namwagilia mara ngapi. Nikamwambia mara moja, asubuhi. Sikumdanganya, Zuhura. Ndivyo nilivyojua mwenyewe. Kumwagilia ni lile kopo moja la asubuhi nililolishika kwa nia ya kumwagilia. Udhu ni udhu. Angekuja mtu mwingine yeyote, Mchina au Mzungu, angehesabu maji, lakini sisi tulihesabu nia.

Nikatia mbolea. Siku tatu nne hivi juu pakawa na kijani kizuri, nikafurahi, nikakwambia kwa sauti peke yangu jikoni. Kisha manjano yakarudi. Nikatia tena. Ikawa vile vile. Mbwana akasema labda mbolea ni ya bandia. Nikamlaumu muuzaji wa watu, nikatafuta nyingine. Kila nilichoweka kilikuwa kinapotea, na mti ukabaki na majani machache kileleni, shina liko uchi. Mama yako alikuwa akipiga kila mwezi, haulizi la rehani tena, anauliza afya yangu tu, na huko kutouliza kulinikaba kuliko kuulizwa.

Halafu wageni wakaondoka. Kontena lilipofungwa Mama Rama akarudi Mombasa. Asha alikaa kidogo, lakini alikuwa hawezi kupita jikoni, akahamia kwa Wazanzibari wenzake ng'ambo ya mto. Alinitaka nifuatane naye. Nikasema mrehani utabaki na nani. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Wapya hawakuja, wanaojua kulitokea kifo wanapendelea kufikia kwingine, siwalaumu.

Sijakwambia upweke ule ulivyokuwa. Nilipika wali kwa mazoea ya zamani nikala siku mbili sufuria moja. Nilianza kuacha redio ya Kikantoni inasema, sielewi chochote, nataka tu kikohozi cha mtangazaji. Siku moja mkate uliniangukia sakafuni, nikasema "samahani" kwa sauti, kisha nikangoja. Nilikuwa nangoja mtu aseme si neno.

Na wiki ile ile nikaingia mwezini. Haya ni ya kike na wewe ni mwanamke, nakwambia bila kificho. Kwa hiyo hata mimi sikusali. Hakuna aliyekaa kwenye kile kigoda wiki nzima. Roshani ikawa kavu kwa mara ya kwanza tangu tuihamie, mpaka nikaona rangi ya vigae vyake. Kumbe ni vya buluu.

Nikasikia mlango unagongwa. Zuhura, sijagongewa mlango tangu Asha aondoke. Nilijifunika haraka, nikafungua, ni yule mzee wa ghorofa ya chini. Yule aliyekuwa akipiga bomba kwa mwiko wakati maji yetu yakimdondokea, wewe unamjibu kwa Kidigo. Kisha mwaka wa pili akaacha kupiga, ukasema umemshinda. Amesimama mlangoni na kandambili zake, ananionyesha juu, ananionyesha chini, anasema "meiyou shui," hakuna maji. Nikafikiri bomba lake limekatika. Nikamletea ndoo. Akatikisa mikono, akacheka, akanivuta mkono wa baibui kwa vidole viwili tu, kwa adabu, nimfuate.

Ana roshani kama yetu, chini yetu sawasawa. Imejaa mboga. Zile za Kichina zenye shina nene na maua ya manjano, masanduku kwa masanduku, zimenenepa kupita za sokoni. Akanishikia jani la chini la mojawapo. Lilikuwa linaanza manjano. Akaonyesha juu, nikainua macho, nikaona kitako cha beseni letu na matundu yako ya msumari, na chini ya kila tundu alama ndefu nyeusi ukutani, inashuka mpaka kwenye masanduku yake.

Alikuwa amekuja kuuliza mbona tumeacha kumlishia mboga.

Nikaifuata alama moja kwa kidole mpaka chini. Yote yalikuwa yameshuka kwake. Misumari yako, mayai yako, kamba wako, mbolea ya Mbwana mfuko baada ya mfuko. Udongo wa beseni ulikuwa unasuuzwa mara tano kila siku kwa maji ya watu watano na miguu yao, chakula hakipati hata nafasi ya kukaa, kinatoka kwa chini. Mrehani haukuwa na ugonjwa wowote. Tulikuwa tunauosha kwa heri mpaka unakufa njaa, na mtu wa chini anakula. Nikaanza kucheka. Yule mzee naye akacheka, hajui kwa nini, na nilipoanza kulia alikwenda kunitafutia kiti.

Nilirudi juu nikauangalia vizuri. Ulikuwa tayari umechipuza kijani, wiki moja tu ya kutosuuzwa. Kwenye shina tupu, chini kabisa, vichipukizi viwili.

Siku niliyokoga na kurudi kwenye sala nilisimama mlango wa roshani na kopo mkononi. Utaniona mjinga, ila sikuweza mara moja. Ilikuwa amri yako, na karibu kitu pekee chako kilichobaki ambacho nilikuwa nakifanya kila siku. Nguo zako nilizigawa. Chai yako ya tangawizi siipiki vizuri. Lakini mara tano kwa siku nilikuwa nakaa kwenye kigoda ulichonunua, namwaga pale uliposema nimwage. Nikikaa kwingine ni kama nakutoa nyumbani. Mwishowe nilimkumbuka mama yako, na ile "iwe ya kwetu." Nikatawadha jikoni, ndani ya karai. Maji sikuyapeleka chooni, usinione hivyo. Nikashuka nayo ngazi, nikampa mzee. Akayapokea kwa mikono miwili, akamwagia sanduku la kwanza.

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Nashuka na karai, yeye ananipa fungu la mboga limefungwa kwa ukoka. Hatujui majina. Nikamwonyesha picha yako, akakujua, akafanya ishara ya mwiko kwenye bomba, akainamisha kichwa. Yeye alielewa mara moja, sikulazimika kulaza kichwa kwenye kiganja.

Mbolea ile ile ya Mbwana, kipimo kile kile, sasa ikakaa. Baada ya wiki kadhaa majani yalikuwa mapana, yanang'aa, na nikiyagusa mkono unanukia mpaka jioni. Kila mtu angefurahi. Mimi nilikaa pale chini kwenye vigae vya buluu nikasema kwa hasira kwamba mti huu umenenepa kwa sababu nyinyi hampo. Hakuna foleni, hakuna viwiko, hakuna Asha anayepiga miayo, hakuna wewe unayeimba kwa pua huku unasugua visigino. Wangenipa nichague, Zuhura, ningechagua ule wa manjano na nyinyi wote mmenizunguka. Nisingefikiri mara mbili. Mama yako anisamehe, ningesema uendelee kuumwa.

Lakini hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nilikata vijiti. Safari hii vilitoa mizizi, myeupe na myembamba, glasi nzima. Nikavipanda kwenye kopo, nikavikuza kidogo, na Alhamisi nikavipeleka kwako.

Ulipo pazuri, nikwambie hilo. Pana miti mikubwa na mawe ya zamani yenye maandishi ya Kiarabu, na mtunzaji ni mzee wa Kichina, kofia nyeupe, mwendo wa polepole. Alinionyesha kaburi lako kabla sijasema, ni wewe tu mgeni kutoka kwetu upande ule. Nikachimba kwa kijiko cha jikoni upande wa kichwa, nikapanda, nikabana udongo kwa vidole. Nikasoma nilichoweza kusoma. Nilipoinuka nikamwona mtunzaji anakuja na birika lake la udhu, amekwisha tawadha, limebaki maji. Anakuja kwa uso wa wema, anataka kuyamimina pale kwenye rehani.

Nilipiga kelele, Zuhura! Makaburini! Nilipiga kelele "bu yao," sitaki, kama ninavyowapigia wauza mifuko ya plastiki. Yule baba wa watu akalirudisha birika kifuani. Nikaona haya mpaka miguuni. Nikainama, nikamshika mkono, nikachukua kidole chake mwenyewe nikakichomeka kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, hapana. Ukiwa mkavu, kidogo. Akarudia peke yake, akachomeka kidole, akatikisa kichwa, akachomeka tena, akakubali. Kisha akaenda kuyamwaga maji yake ya heri kwenye jiwe la njiani. Nadhani ameelewa. Wewe ungemwelewesha kwa Kidigo.

Jana nilimpigia mama yako. Nilisema neno moja, "Ipo."

Akauliza, "Ya kwetu?"

Nikasema ya kwako mwenyewe, mama, ya leso. Hapo ndipo nilipomsikia akilia, kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, na sikuiangalia kadi. Alipomaliza akasema, "Basi rudi nyumbani, mwanangu. Umekaa naye vya kutosha."

Nimekata tiketi. Nilikuwa nikijidanganya kwamba nabaki kwa ajili ya wateja, halafu kwa ajili ya mrehani. Sasa sina tena cha kujidanganyia. Beseni lile kubwa na mrehani wake amelichukua mzee wa chini, tumelishusha leo mimi na yeye, ngazi kwa ngazi, akiniambia maneno mengi ambayo huenda yalikuwa "polepole." Kigoda nakipeleka kwa mama yako. Peja nimeizima leo asubuhi, nimeishika mpaka taa yake ikafa.

Naogopa kukuacha. Niliseme hivyo tu. Nitapanda ndege, na Guangzhou nzima hakutakuwa na mtu anayejua kwamba ulikuwa ukichanja kuku. Nilikuwa nikijiambia kwamba niko hapa ili usiwe peke yako, na siku zile jikoni nimejua kwamba ilikuwa kinyume chake.

Ahadi yangu ni hii. Nitarudi msimu wa vifaa vya shule, na kila msimu nitakaojaliwa, na kabla sijakanyaga soko nitakuja kwako. Sitakuja na kopo wala mbolea wala dawa ya mtu yeyote. Nitakuja mikono mitupu nikae karibu yako, bila kukumwagia kitu, mpaka wafunge geti.

Mungu akulaze pema. Kwaheri ya kuonana, shoga yangu. Tumeondoka wote sasa. Mrehani wako utastawi sana.

Wako,
Mishi